Gemu Uliyolipia Ni Yako? CD, Akaunti na Msimu wa Punguzo

Wiki moja kabla ya Idi, kijana mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, alishuka stendi ya Kange kutoka Dar akiwa na boksi la PlayStation 5 na CD mbili za gemu, moja ya mpira, moja ya magari. CD zilikuwa mpya, plastiki haijachanwa. Alikuja nazo moja kwa moja kwenye banda la gemu tunalokaa jioni, na waliokuwa wakicheza wakaweka pedi chini waje kuangalia. Boksi likafunguliwa, nyaya zikachomekwa, taa ikawaka. Akachana plastiki ya ile CD ya mpira, akaisogeza kwenye mashine, akaigeuza mashine upande wa pili, akaipapasa kwa kidole gumba kama mtu anayetafuta swichi gizani. Hakuna tundu. Alikuwa ameuziwa ile iitwayo Digital Edition, isiyo na sehemu ya kuingiza CD. Boksi limeandikwa hivyo, ila yeye alikuwa ametazama bei, na dukani hakuna aliyemwambia.

"Kaka, sasa hizi CD nizipeleke wapi?"

Kila mtu akawa na jibu. Mmoja akasema aziuze, apakue mtandaoni, huko ni rahisi kwa kuwa hakuna gharama ya kutengeneza CD. Wa pili akasema ukinunua mtandaoni si yako, wanaweza kukuzimia wakati wowote. Wa tatu akashauri asinunue chochote mpaka Desemba, bei zitashuka mpaka robo. Mwenye banda akasema gemu ikishuka hadi robo basi ujue ni mbovu. Nilitoka pale nikiwa na hakika kwamba hakuna aliyedanganya na hakuna aliyepatia sawasawa. Huyu kijana alikuwa amekusanya fedha hizo kwa miezi, na hakuna aliyeweza kumweleza amenunua nini. Ndiyo maana naandika haya.

Tuyape mambo majina kwanza. Kitu tunachokiita CD siku hizi si CD. PS4 na PS5 zinatumia diski za Blu-ray, ambazo zina nafasi kubwa zaidi: za PS4 hubeba hadi gigabaiti 50, za PS5 hadi 100. Lakini jina limezoeleka na nitaendelea nalo. Gemu ya CD, basi, ni ile inayokuja ndani ya kasha: unaishika, unaiuza, unamwazima mwenzio. Gemu ya kupakua ni ile unayoilipia kwenye duka la mtandaoni la mashine yako, au Steam kama unachezea kompyuta, kisha inashuka kwa bando au waifai na kukaa ndani ya mashine. Hiyo haishikiki. Imefungwa kwenye akaunti yako, yaani ile barua pepe na nywila. (Zile gemu za kuingiziwa na fundi kwenye flashi ni habari nyingine. Hapa nazungumzia zinazolipiwa kwa wenyewe.)

Neno la tatu ni leseni, na ndilo linalovuruga watu.

Sisi wa pwani tunaielewa leseni kuliko tunavyodhani. Katika shamba la minazi huenda yupo mwenye ardhi, na yupo mwenye mti ambaye ardhi si yake, lakini mnazi wake anaweza kuurithisha au kuuuza. Halafu yupo aliyekodi minazi. Huyu ana haki ya kuangua nazi kwa masharti waliyopatana. Anakwea, anaangua, anauza nazi zake, na hakuna wa kumzuia. Lakini ule mnazi hawezi kumuuzia mtu, na mwenyewe akiukata, aliyekodi hana mti wa kudai. Anayelipia gemu ya kupakua ni huyu wa mwisho. Amelipa kihalali na anacheza kihalali, ila alichopewa ni ruhusa. Mwenye CD yuko karibu zaidi na yule mwenye mti: hadithi, michoro na mitambo ya gemu ni mali ya kampuni, lakini kile kipande cha plastiki ni chake, na anaweza kukiuza bila kumwomba mtu ridhaa.

Kwa miaka mingi maduka ya mtandaoni yaliandika neno "nunua" bila kueleza zaidi. Jimbo la California, Marekani, likatunga sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2025: muuzaji wa bidhaa za kidijitali akitumia neno hilo, lazima amweleze mnunuzi wazi kwamba anapata leseni. Steam walianza kuyaweka maneno hayo kwenye ukurasa wa malipo Oktoba 2024. Ukifika kwenye ukurasa huo, yasome kabla ya kubonyeza.

Kwa nini bei huanza juu kisha ikaporomoka

Tangu mashine ya Xbox 360 ilipotoka mwaka 2005, gemu kubwa mpya ilizoeleka kuwa dola 60. Mwaka 2020, PS5 na Xbox za kizazi kipya zilipokuja, kampuni moja baada ya nyingine zikapandisha hadi 70. Juni 2025 Nintendo walitoa Mario Kart World kwa dola 80, siku moja na mashine yao ya Switch 2. Microsoft, wenye Xbox, nao walikuwa wametangaza kufika 80, wachezaji wakalalamika sana, na Julai wakarudi 70. Kwa hesabu rahisi ya shilingi 2,500 kwa dola, dola 70 ni shilingi 175,000.

Bei hiyo haipimi utamu wa gemu. Hollow Knight: Silksong, iliyotengenezwa na kikundi kidogo cha watu huko Australia, ilitoka Septemba 2025 kwa dola 20, na siku hiyo watu walivyoikimbilia, maduka ya mtandaoni yalizidiwa kwa muda. Zipo za dola 70 zilizotoka mwaka huohuo ambazo leo hakuna anayezitaja.

Sasa, kwa nini gemu ya shilingi 175,000 mwezi Septemba inakuwa 60,000 mwezi Juni? Wengi wanafikiria machungwa ya Muheza msimu ukikolea: yamejaa, yanakaribia kuoza, muuzaji anayaachia. Mfano huo haufai hapa. Gemu ya kupakua haiozi wala haijazi ghala. Nakala ya milioni moja inamgharimu mwenye duka umeme na mtandao wa kuisafirisha, basi. Angeweza kuiacha kwenye bei ileile miaka kumi bila kupoteza hata moja.

Mfano unaofaa ni mitumba. Nenda asubuhi robota linapokatwa. Wapo waliokuja mapema kwa ajili ya hiyo saa: wanachagua wa kwanza, wanalipa 15,000 kwa shati bila kubishana sana, kwa sababu wanataka kuwa wa kwanza. Mchana shati la aina ileile ni 8,000. Siku ya tatu limetupwa kwenye turubai, "elfu mbili, elfu mbili!" Shati halijachakaa tangu asubuhi. Muuzaji amewamaliza wenye haraka, sasa anawaita wenye subira, na mwisho anawafikia wale ambao bila 2,000 wasingenunua kabisa. Kampuni ya gemu inafanya hivyohivyo, ila siku zake tatu ni mwaka mzima. Wanaolipa 70 wiki ya kwanza wanalipia uharaka. Kila punguzo linalofuata linamwendea mteja wa tabaka jingine. Na kwa kuwa nakala ya ziada haina gharama ya maana, hata ikikatwa asilimia 80 bado kinachoingia ni faida.

Kwa hiyo kauli ya mwenye banda kwamba kilichoshuka ni kibovu, hapana. Mara nyingine ni kinyume chake. Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020 ikiwa na kasoro nyingi hivi kwamba Sony, wenye PlayStation, waliiondoa kwenye duka lao ndani ya siku chache, ikarudi Juni 2021. Ikaendelea kurekebishwa mpaka sasisho kubwa la Septemba 2023. Aliyelipa bei kamili siku ya kwanza alipata gemu mbovu; aliyesubiri miaka mitatu alilipa kidogo akapata nzuri. Hili huniuma ninapoona vijana wakilipia gemu kabla haijatoka, kwa kuogopa kuikosa. Nakala za gemu ya kupakua hazimaliziki dukani. Hakuna foleni ya kuwahi.

Nintendo ndio wa kuwaangalia kwa jicho tofauti. Gemu zao wenyewe huzishusha kidogo na kwa nadra. The Legend of Zelda: Breath of the Wild ilitoka 2017, na miaka mingi baadaye bado ilikuwa na bei yake ya dola 60. Wamewazoesha wateja kwamba kusubiri hakulipi, na wateja wamezoea. Ukiwa na Switch, usikae ukingoja robo bei kwenye gemu za Mario.

Misimu yenyewe

Ofa hizi, kama tusemavyo Tanga, waja leo waondoka leo, lakini zinakuja kwa kalenda. Steam wana msimu mkubwa wa mwisho wa Juni hadi mwanzo wa Julai, mwingine wa Desemba unaovuka mwaka mpya, na midogo ya Machi na ya majira ya vuli huko kwao. PlayStation wana Days of Play kati ya Mei na Juni, wana Novemba ile wiki ya Black Friday, na wana punguzo la mwisho wa mwaka linaloingia Januari. Ukikosa moja, nyingine haiko mbali. Gemu iliyowahi kushuka hadi dola 20 karibu kila mara itarudi hapo.

La kuangalia ni asilimia. "Punguzo 70%" haliambii chochote mpaka ujue linakatwa kwenye bei gani. Umoja wa Ulaya uliliona hilo: kanuni zilizoanza kutumika Mei 2022 zinamtaka muuzaji anayetangaza punguzo aonyeshe pia bei ya chini kabisa aliyowahi kuuzia ndani ya siku 30 zilizotangulia. Steam nao hawamruhusu mwenye gemu kutoa punguzo ndani ya siku 30 baada ya kupandisha bei, ili asipandishe leo akajifanya anashusha kesho. Kwa gemu za kompyuta, tovuti ya SteamDB inakuonyesha historia ya bei ya kila gemu tangu ilipotoka. Angalia mara moja tu utajua kama ofa iliyoko mbele yako ni ofa kweli.

Kwa nini ya kupakua si rahisi zaidi

Hili ndilo lililotushinda jioni ile, na hoja ya yule wa kwanza ina mantiki: hakuna plastiki, hakuna kasha, hakuna lori, basi bei ishuke. Lakini siku gemu inapotoka, kwa kawaida bei ya CD na ya kupakua ni moja. Sababu ya kwanza ni kwamba kuchapa CD ni sehemu ndogo ya gharama. Fedha inakwenda kwa watu waliokaa miaka mitano wakitengeneza, na kwenye matangazo. Sababu ya pili ni kamisheni. Duka la mtandaoni nalo lina mwenyewe. Steam, kwa mfano, huchukua asilimia 30 ya mauzo, ikishuka hadi 25 gemu ikipita mauzo ya dola milioni 10, na 20 ikipita milioni 50. Epic walipofungua duka lao mwishoni mwa 2018 walitoza 12 ili kuwavuta watengenezaji. Yaani dalali yupo palepale, amebadilisha tu ofisi.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote kwa mwenye mashine isiyo na tundu. CD ina wauzaji wengi: wa Kariakoo, wa Dubai, aliyeimaliza na anataka nyingine, duka lenye makasha 50 yaliyobaki rafuni na linataka nafasi. Wote hao wanashindana, na gemu za CD zenye mwaka au miwili mara nyingi huwa chini ya bei ya kawaida ya duka la mtandaoni kwa sababu hiyo. Gemu ya kupakua ya PS5 inatoka duka moja, la Sony. Hata ukinunua kadi ya zawadi kwa mtu, mwisho utaitumia kwenye duka hilohilo. PS5 ilipotoka Novemba 2020, yenye tundu ilikuwa dola 499 na isiyo na tundu 399. Wengi waliochukua hiyo isiyo na tundu waliona wameokoa dola 100. Wameziokoa kweli. Lakini wamekubali kununua kwenye duka moja maisha yote ya mashine ile, bila kuuza wala kununua kilichotumika.

Na kampuni zikitaka tofauti ya bei iwepo, zinaweza kuiweka. Mario Kart World huko Ulaya ilitangazwa euro 80 kwa kupakua na 90 kwa yenye kasha. Walichofanya ni kuipandisha ya kasha.

Hesabu ya Tanga ina mistari mingine ambayo tangazo la ofa haliandiki. Tuseme umeona gemu ya dola 70 imeshuka kwa asilimia 75. Imebaki dola 17.50, karibu shilingi 44,000, na moyo umefurahi. Gemu ina gigabaiti 60. Kama bando lako linakugharimu shilingi 1,500 kwa gigabaiti, kuishusha ni shilingi 90,000. Bando limekuwa mara mbili ya gemu. Ukiwa na waifai ya kulipia kwa mwezi hesabu inabadilika kabisa, na wenye mabanda wengi wameshajua hilo. Gemu kubwa za siku hizi zinavuka gigabaiti 100, na mashine ikijaa utafuta moja ili uweke nyingine. Leseni haifutiki, lakini siku ukiitaka tena, bando linalipwa upya.

Kuna na suala la nchi. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi unazoweza kuchagua unapofungua akaunti ya PlayStation. Ulimwengu uliligundua hili Mei 2024, Sony walipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti hiyo, na gemu ikaondolewa sokoni kwenye nchi na maeneo zaidi ya 170 yasiyo na huduma. Sharti likafutwa baada ya siku chache kwa kelele za wachezaji. Sisi huku tulikuwa tunaishi nalo siku zote. Karibu kila akaunti ya PlayStation ya Tanga imeandikishwa Marekani, Uingereza au Falme za Kiarabu. Ndiyo maana kadi yako pepe ya mtandao wa simu inakataliwa, na ndiyo maana unanunua kadi ya zawadi. Hakikisha kadi hiyo ni ya nchi ileile ya akaunti, la sivyo haitaingia na aliyekuuzia hatarudisha fedha. CD zenyewe za PS4 na PS5 kwa kawaida hazichagui nchi, ila nyongeza zake, kama vile ramani mpya au wachezaji wa kulipia, zinatakiwa zitoke duka la eneo linalolingana na CD. CD ya kutoka Dubai na akaunti ya Marekani zitacheza mechi vizuri, kisha zitagombana siku ukinunua nyongeza.

Kwenye Steam sisi tunalipa kwa dola. Kulikuwa na mtindo wa kujifanya uko Argentina au Uturuki kwa sababu bei za huko zilikuwa chini sana. Novemba 2023 Steam waliziondoa sarafu za nchi hizo mbili wakaweka bei za dola, na bei zikaruka. Walioumia zaidi ni wachezaji wa huko wenyewe.

Kitu kizuri cha Steam, ambacho wachache wanakitumia, ni kurudishiwa fedha: ndani ya siku 14 tangu ununue, na uwe hujacheza zaidi ya saa mbili. Duka la PlayStation nalo linatoa siku 14, lakini ukishaanza kupakua tu, haki hiyo imeisha. Kwa hiyo zima upakuaji wa kujianzia wenyewe kabla hujalipia.

Je, CD nayo ni ya milele?

Hapa wapenzi wa CD, na mimi ni mmojawapo, inabidi tukubali ukweli. Zipo CD zenye gemu nzima: unaweka, unacheza, hata mtandao ukikatika mji mzima. Zipo zenye nusu, na nusu inashuka mtandaoni. Na zipo ambazo ni ufunguo tu. Nintendo wamelifanya hilo waziwazi kwenye Switch 2, ambayo hutumia kadi ndogo badala ya CD: baadhi ya kadi hizo hazina gemu ndani, zina ruhusa ya kuipakua, na kasha limeandikwa hivyo upande wa mbele. Unaweza kuiuza au kumwazima mtu, kwa hiyo bado ina faida hiyo, lakini ghala la mtandaoni inakopakuliwa likifungwa ufunguo haufungui kitu. Ukinunua CD iliyotumika bila kasha, uliza kwanza kama inacheza bila intaneti, ijaribuni palepale mashine ikiwa nje ya mtandao.

Kuhusu kuzimiwa, watu wanachanganya mambo matatu. La kwanza ni gemu kuondolewa dukani. Mwaka 2023 EA, kampuni inayotengeneza gemu za mpira, walipoachana na jina la FIFA na kuleta EA Sports FC, gemu za zamani za FIFA ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Aliyekuwa amenunua akabaki nayo na kuendelea kuipakua. Aliyechelewa hakuweza kuinunua tena, ila CD zake ziko mitaani mpaka leo. La pili ni duka lenyewe kufungwa, kama lile la Wii U na 3DS Machi 2023, na la Xbox 360 Julai 2024. La tatu, lililo baya zaidi, ni kuzimwa kwa seva, yaani mitambo ya kampuni inayoendesha gemu kupitia mtandao. The Crew, gemu ya magari ya kampuni ya Ubisoft, ilihitaji intaneti hata ukicheza peke yako. Machi 31, 2024 mitambo ikazimwa, na baadaye watu wakaona leseni imeondolewa kwenye akaunti zao. Hapo mwenye CD na mwenye kupakua walikuwa sawa: wote mikono mitupu. Ross Scott, mtengeneza video za gemu wa YouTube, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, na kufikia Julai 2025 ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limepita sahihi milioni moja.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "CD au kupakua?", uliza kama gemu inahitaji mitambo ya mtu mwingine ili iwake.

Lipo na jambo linaloumiza zaidi hapa kwetu: kuuziwa akaunti. Mtu anatangaza "akaunti ina gemu 40, elfu hamsini tu." Unapewa barua pepe na nywila, unacheza miezi miwili, asubuhi moja nywila haikubali. Akaunti huandikishwa kwa aliyeifungua, na masharti yake hayaruhusu kuuzwa. Mwenyewe akidai kwa kampuni kwamba ameibiwa, atarudishiwa, na wewe huna pa kushtaki. Jirani yangu mmoja amepitia hilo mara mbili. Ni sawa na kununua minazi kwa aliyekodi.

Kujiunga kwa mwezi, kama PlayStation Plus, ni nyumba ya kupanga, sina mengi ya kusema: unapolipa unakaa, ukiacha unatoka, na gemu ulizopewa hazifunguki mpaka ulipe tena. Kwa anayecheza sana na mwenye waifai, inalipa.

Ila jambo hilo linamhusu mwenye banda wetu, na yeye ndiye mwenye hesabu ngumu kuliko wote. Kila Septemba gemu mpya ya mpira inatoka, na wateja hawataki kusikia ya mwaka jana. Wanataka mchezaji aliyehamia juzi awe na jezi mpya. FC 24 ilitoka mwisho wa Septemba 2023 kwa bei kamili. Mei 2024 ilikuwa inatolewa kwa wanachama wa PlayStation Plus bila malipo ya ziada. Miezi saba tu. Anayecheza nyumbani na kaka zake hana sababu ya kulipa 175,000 mwezi wa kwanza. Lakini banda linalotoza shilingi 500 kwa mechi linarudisha fedha hiyo kwa mechi 350, na bila gemu mpya wateja wanahamia banda la jirani. Kwake ule uharaka ni mtaji. Akiinunua kwa CD, mwezi wa Januari bado anaweza kuiuza kwa fedha ya maana. Akingoja mpaka Agosti hakuna atakayeigusa, kwa sababu CD ya mpira hushuka thamani haraka kuliko yoyote. CD ya gemu ya hadithi hukaa na bei yake muda mrefu zaidi.

Tulirudi kwa kijana wetu siku iliyofuata. Nilimwomba aigeuze mashine, tukatoa kifuniko cha pembeni taratibu, na ndani tukakuta nafasi iliyoachwa wazi. Mashine yake ni ile nyembamba iliyotoka mwishoni mwa 2023, na hiyo, tofauti na Digital Edition ya 2020, inakubali kuongezewa kifaa cha kusomea CD. Kinauzwa peke yake, kilitoka kwa dola 80 huko Marekani, na siku ya kukichomeka mara ya kwanza lazima mashine iwe na intaneti. Ameanza kukusanya upya.

CD ya magari amemwazima mtoto wa mama mkubwa wake aliyeko Chumbageni. Ile ya mpira iko bandani: mwenye banda anaitumia kwa wateja, na kijana anacheza bure mpaka kifaa kitakapofika. Juu ya kasha, kwa kalamu nene nyeusi, ameandika jina lake.